Darasa likinyamaza kwa kuogopa fimbo, utajuaje nani hajaelewa?

Mwalimu wa Hisabati, kidato cha kwanza
Shikamooni walimu wangu. Nipo shule ya kata, darasa moja lina watoto 74. Aliyenitangulia alisifika kwa ukali, akitokea tu mlangoni unasikia nzi akiruka. Mwanzoni nilifurahi kurithi ukimya ule. Nafundisha vipindi viwili mfululizo bila kelele, nikiuliza "tumeelewa?" wote wanaitikia ndiyo.

Wiki iliyopita nikatoa jaribio la namba hasi. Hasi 3 kutoa hasi 5: watoto 51 wameandika hasi 8 badala ya 2! Nikamwita binti mmoja pembeni, mbona hukuuliza? Akawa anazungusha kifungo cha sweta, macho chini. "Ukiuliza unaambiwa ulikuwa unawaza nini wakati nafundisha, halafu unachapwa."

Iliniuma mno. Nimeacha kuingia na fimbo. Sasa wale wa nyuma wanapiga soga mpaka sauti inanikauka, na ofisini naambiwa watoto wamenipanda kichwani. Nilishikeje darasa bila kuwarudisha kwenye hofu ile?

Mwalimu mstaafu
Marahaba mwanangu. Nilichapa sana enzi zangu, na sijivunii. Hao wa ofisini wakumbushe kanuni za adhabu ya viboko za hapa Tanzania za 2002: viboko visizidi 4, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na adhabu iandikwe kitabuni. Kutembea na fimbo kila kipindi hakumo humo.

Shika majina. Ukisema "wewe wa nyuma" hakuna anayeshtuka. Sogea mpaka kwenye dawati lake, mtaje jina kwa sauti ya chini, uone. Na usigande ubaoni, fundisha huku unatembea.

Mwalimu, Mombasa
Mwenzangu, huku Kenya kiboko kilipigwa marufuku 2001, lakini ukali wa wengine ulihamia mdomoni. Mtoto akiitwa mjinga mbele ya wenzake, mkono haunyanyui tena. Chunga na ulimi pia.

Mzazi
Mwalimu, fimbo ni nusu ya habari. Hawa wamesoma msingi kwa Kiswahili, wakifika kwenu hata swali liwe la Kiingereza. Mwanangu alikuwa analipanga swali kichwani, akilimaliza kipindi kimeisha. Waache waulize kwa lugha wanayoiweza.

Mwalimu wa Hisabati, kidato cha kwanza
Asanteni sana. Mzazi, umenigusa, hilo sikuwa nimelifikiria. Leo nimegawa vikaratasi, kila mtu aandike asichokielewa, bila jina, kwa Kiswahili akitaka. Wale wa nyuma wameandika kimya kuliko wote. Vimerudi 68, na kimoja kina mwandiko mdogo, kimefutwa na kuandikwa upya mara mbili: "Mwalimu, hasi ni nini?"

Kesho naanzia hapo.