Ushauri: Tui la nazi linakatika kila nikitia pombe kali, nifanyeje?

Bi Mkunazi:
Habari za jioni, wanajukwaa. Ninatengeneza nyumbani kinywaji cha aina ya Amarula au Baileys, yaani pombe tamu yenye krimu, ila sitaki maziwa ya ng'ombe yaguse chungu changu. Ninakuna nazi, ninakamua kasimele, ninaichemsha pamoja na sukari, iliki na vanila, kisha ninatia pombe kali ya asilimia 35. Matokeo ni yale yale: haupiti muda mrefu mafuta yanapanda juu, chini yanabaki maji ya kijivujivu yenye chembechembe, na nikitikisa chupa, vipande vyeupe vinaganda shingoni na kukataa kutoka. Sherehe inakaribia na sina amani hata kidogo. Je, nipunguze moto, nibadilishe pombe, au niachane na nazi ya kukuna nitumie unga wa nazi wa pakti, ambao naona hautengani kabisa?

Mkwezi wa Pangani:
Dada, tui lako linakatika jikoni kabla hata pombe haijafika. Protini za nazi huanza kugandamana joto linapokaribia nyuzi 80, kwa hiyo ukiliacha litokote umeshaliharibu. Weka moto mdogo, koroga bila kuacha mkono, na epua mara tu linapoanza kufuka mvuke. Bibi yangu hakuruhusu mtu aongee na mpishi wakati wa kutia tui la mwisho kwenye samaki wa kupaka, na tulipokuwa wadogo tulikaa kimya mlangoni tukisubiri atoe mwiko ndipo tuombe kulamba. Hadi leo sijaonja mchuzi laini kama ule, na nasikitika kuona vijana wa pwani wananunua tui la kopo ilhali minazi imesimama uani.

Kaka wa Sinza:
Kwa nini ujitese? Nunua Amarula dukani, mimina kwenye glasi, sherehe iendelee. Mimi kwenye harusi yangu nilinunua kila kitu na hakuna mgeni aliyelalamika.

Fundi Chupa:
Kaka, amesema hataki maziwa. Amarula hutengenezwa Afrika Kusini kwa tunda la mmarula pamoja na krimu ya ng'ombe, na Baileys ya kawaida, iliyoanza kuuzwa Ireland mwaka 1974, nayo ni krimu ya ng'ombe na wiski. Baileys wenyewe waliona uhitaji huu wakatoa Almande, iliyotengenezwa kwa lozi.

Bi Mkunazi, nijibu haya kabla sijakushauri: pombe unaitia tui likiwa moto au limepoa? Na unaitia yote kwa mpigo au kidogo kidogo?

Mja wa Mola:
Mimi sitachangia upande wa pombe, kwa sababu nisingependa mkono wangu uwemo. Nakuomba kwa upendo ufikirie kuwapa wageni kasimele iliyopikwa na tende zilizosagwa, iliki na unga kidogo wa kakao ya Kyela, ikanywewa baridi. Watoto watakunywa, wazee watakunywa, na hakuna atakayeendesha gari akiwa amelewa.

Nesi wa Zamu:
Mimi nina swali moja tu. Kwa nini hutaki maziwa? Kuna mtu asiyeyapenda, kuna ambaye tumbo lake haliwezi kusaga sukari ya maziwa hivyo linajaa gesi, na kuna mwenye mzio wa protini ya maziwa. Hao ni watu watatu tofauti, na ushauri wao haulingani.

Bi Mkunazi:
Ahsante, Mkwezi. Fundi, huwa ninaitia yote kwa mpigo, tui likiwa bado na moto. Nesi, ni uamuzi wa kifamilia tu, tusipotee huko. Ninachotaka kujua ni kama unga wa pakti unafaa.

Nesi wa Zamu:
Uamuzi wa kifamilia kwa sababu gani? Samahani kwa kung'ang'ania, lakini swali lako la unga wa pakti halijibiki bila hilo.

Bi Mkunazi:
Haya. Kinywaji ni cha sherehe ya kumuaga binti wa dada yangu anayeolewa. Yeye mwenyewe akigusa maziwa midomo inavimba na mwili unatoka vipele, na utotoni aliwahi kulazwa kwa sababu hiyo. Amefurahi mno kusikia kwamba safari hii atagonga glasi na mumewe mtarajiwa kwa kinywaji kile kile wanachokunywa wote. Na kwa kuwa mnanihoji, niseme kabisa kwamba chupa za mezani nimekwisha kuzijaza kwa unga wa pakti. Zimesimama vizuri, laini kabisa, hazina hata tone la mafuta juu. Pakti ina picha ya nazi mbele na ni bidhaa ya nazi, kwa hiyo sioni tatizo liko wapi.

Nesi wa Zamu:
Tafadhali igeuze pakti utuandikie viambato vyote, neno kwa neno.

Bi Mkunazi:
Maandishi ni madogo na yamejificha chini ya mkunjo wa gundi, imenibidi nitumie tochi ya simu. Yanasema: tui la nazi, maltodekstrini, sodiamu kaseineti. Neno maziwa silioni.

Nesi wa Zamu:
Sodiamu kaseineti ni kaseini, yaani protini kuu ya maziwa ya ng'ombe, iliyochakatwa iweze kuyeyuka majini. Haina nazi ndani yake. Mwenye tumbo lisilosaga sukari ya maziwa angeweza kuinywa bila shida, kwa kuwa sukari hiyo karibu yote imeondolewa, lakini kwa mwenye mzio kaseini ndiyo yenyewe inayomdhuru. Mwaka 2013 mjini Melbourne, Australia, mtoto wa miaka 10 mwenye mzio wa maziwa alifariki baada ya kunywa kinywaji cha nazi kilichoagizwa kutoka nje, ambacho lebo yake haikutaja maziwa yaliyokuwamo. Nakusihi chupa hizo zisimfikie bibi harusi.

Bi Mkunazi:
Nesi, umenitisha usiku huu. Lakini tuangalie na upande wa pili. Kiambato hicho kimetajwa mwisho, maana yake ni kidogo mno. Glasi ni ndogo. Pombe kali nayo huua mambo mengi. Tena juzi tu alikula biskuti kwangu na hakupata chochote. Chupa, riboni na pombe vimeshalipiwa, na dada yangu amewatangazia wageni.

Nesi wa Zamu:
Pombe huua vijidudu, haiondoi protini inayoleta mzio. Kwa baadhi ya watu, kunywa pombe hufanya mzio upande haraka na kwa ukali zaidi. Kipimo kidogo hakina dhamana, na biskuti iliyopita salama haisemi lolote kuhusu glasi ijayo.

Mpekuzi:
Naomba niingilie, maana kuna jambo haliniingii akilini. Uzi ulianza na mtu anayelia kwamba kinywaji kinakatika. Sasa tunaambiwa chupa zimeshajaa na zimesimama laini. Aliyefanikiwa anaomba ushauri wa nini? Kwanza ilikuwa uamuzi wa kifamilia, sasa ni bibi harusi aliyewahi kulazwa, tena anayekula biskuti bila kudhurika. Mimi naona hadithi hii imetungwa, ama kwa ajili ya kukusanya wachangiaji, ama na mfanyabiashara anayetaka tumtengenezee fomula bure. Kama ni biashara, aende TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili vyakula nchini, badala ya kutuchezea hisia.

Kaka wa Sinza:
Na mimi nilianza kushangaa. Binti wa kuagwa, midomo kuvimba, riboni kwenye chupa, ni kama mchezo wa redioni.

Fundi Chupa:
Mpekuzi, mimi naona maelezo yake yanashikana kuliko unavyodhani, na sababu ni ya kikemia. Tui la kukuna hutengana kwa kuwa mafuta na maji havina kinachovishika vikae pamoja baada ya pombe kuingia. Kiwanda hutia kaseineti kwenye unga wa nazi kwa kazi hiyo hiyo, kila tone la mafuta lipate ngozi ya protini na lisiungane na jingine. Kwa hiyo chupa zake zimesimama laini kwa sababu zina maziwa. Mtu anayetunga hadithi asingepatia jambo hilo kwa bahati. Swali aliloleta lilikuwa la tui, ila jibu alilolitafuta ni ruhusa ya unga.

Bi Mkunazi:
Mimi si mfanyabiashara na siuzi chochote. Sikuona haja ya kuanika ugonjwa wa mtoto wa watu mbele ya umma, na yeyote mwenye binti atanielewa. Nilitaka mtu mwenye ujuzi aniambie unga unafaa ili nilale. Chupa siwezi kuzimwaga, hilo naomba tukubaliane. Nitazipeleka kwenye meza za wageni zikiwa na karatasi iliyoandikwa kwamba zina maziwa. Kwa ajili ya bibi harusi, nielekezeni namna ya tui la kukuna lisilokatika.

Nesi wa Zamu:
Hilo linawezekana kwa masharti. Chupa yake iwe ya rangi au umbo tofauti, sufuria, kifumbu na faneli visiwe vile ulivyotumia kwa unga mpaka vimesuguliwa kwa sabuni na maji moto, na mhudumu mmoja tu aishike. Halafu mpigie simu leo umsomee lebo. Mwili ni wake, na uamuzi wa kukaa meza moja na chupa zile ni wake pia.

Fundi Chupa:
Sasa tufanye kazi. Kamua kasimele kwa maji ya uvuguvugu machache kabisa. Pasha na sukari kwa moto mdogo mpaka sukari iyeyuke na tui lianze kuwa zito, kisha epua na uache lipoe hadi mkono usihisi joto. Kwa pombe ya asilimia 35, kipimo kimoja cha pombe kwa kipimo kimoja cha tui lililotiwa sukari kitakupa takriban asilimia 17, ambayo ndiyo nguvu ya Baileys. Mimina pombe kama uzi mwembamba huku blenda ikizunguka. Ukipata lesithini ya soya au ya alizeti, kijiko kidogo cha chai kwa lita kitafanya kazi ya ile kaseineti bila maziwa, mradi hana mzio wa soya. Wengine hulowesha korosho usiku kucha na kuzisaga pamoja na tui, na kinywaji hushikana vizuri sana, lakini kwa mtu mwenye historia kama yake nisingeleta korosho bila yeye mwenyewe kuthibitisha kwamba huzila.

Usishtuke ukikuta kizibo cheupe juu ukiitoa kwenye friji. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Iache nje kidogo, itikise, itarudi. Itengeneze siku moja kabla na ikae kwenye baridi, kwa sababu tui bichi la nyumbani halina uimara wa kiwandani.

Bi Mkunazi:
Nimempigia. Ameniomba nimtumie picha ya lebo, na amesema hataki chupa zile ziwe kwenye meza kuu wala mumewe mtarajiwa asizinywe siku hiyo, kwa kuwa watalishana keki. Korosho anakula tangu utotoni, soya hana uhakika, kwa hiyo nitaacha lesithini. Mkwezi, nazi nichague zipi? Za sokoni kwetu nyingine zinatoa tui jepesi kama maji.

Mkwezi wa Pangani:
Chukua nazi kavu, nzito mkononi, itikise sikioni usikie maji yanacheza. Isiyolia iache. Angalia macho yake matatu. Yakiwa na unyevu au ukungu, rudisha. Keki nayo ulizia, maana wapishi wengi hutia siagi.