Mdogo wangu anataka kusomea sanaa za maonyesho, naombeni ushauri

Mshonaji_Moro
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na tafadhali mniambie ukweli hata kama unauma.

Nina mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu. Amemaliza kidato cha sita, kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kapata divisheni ya pili. Ninayemsomesha ni mimi tangu mama alipotutoka, kwa cherehani mbili za kushonea sare za shule. Wote tulijua ataomba ualimu au sheria. Juzi kanikalisha chini, anasema anataka sanaa za maonyesho, iwe Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kile chuo cha sanaa cha Bagamoyo. Baba mkubwa aliposikia akaniuliza mbele ya watu kama nakesha kwenye cherehani ili mtoto akajifunze kuchekesha. Sikuwa na jibu.

Ila kuna kitu nilikiona. Kwenye mahafali yao walionyesha igizo. Akaingia mzee, mgongo umepinda, anaburuta mguu wa kushoto, kila hatua tatu anasimama kuvuta pumzi. Nikamwonea huruma kabisa. Nilikuja kumtambua kwa suruali, maana kile kiraka cha goti nilikitia mimi. Na ule mwendo ulikuwa wa babu yetu, aliyefariki huyu akiwa darasa la tatu. Hakuna aliyejua kwamba alikuwa akimtazama babu kiasi kile.

Swali langu: anayesomea fani hii anatoka na nini, ukiacha kuonekana kwenye runinga?

Kaka_wa_Kibaha
Dada, pole na majukumu. Mimi nasema aombe sheria, maigizo afanye wikiendi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo lazima urudishwe, na ajira za fani hiyo ni za kuokoteza.

Benchi_la_Nyuma
Dada yangu, nimeisoma fani hii Mlimani, kwa hiyo nakueleza niliyoyapitia.

Mwaka wa kwanza mwalimu alitupanga wawili wawili, tukitazamana. Mmoja anasogeza mkono polepole, mwenzake anamfuata kama kioo, bila kusema neno. Dakika za mwanzo tulicheka. Baadaye kicheko kikaisha, nikagundua kwamba katika maisha yangu yote sijawahi kumtazama mtu kwa makini namna ile. Mdogo wako alivyomtazama babu yenu ndivyo sisi tulivyofundishwa kwa miezi. Yeye anaanza na mtaji ambao wengine tuliutafuta kwa jasho.

Halafu kuna sauti. Mwalimu alikuwa anakwenda kukaa benchi la mwisho kabisa, anakwambia zungumza nami, usipige kelele. Unajifunza kupumua kwa tumbo, kumaliza neno, kunyamaza pale panapotakiwa kimya. Leo nikiingia kikao cha kijiji chini ya mwembe, hakuna kipaza sauti, na bibi aliye nyuma ananisikia.

Ndiyo kazi yangu sasa, sanaa za maonyesho kwa maendeleo. Kuna safari tuliandaa igizo kuhusu wajawazito wanaochelewa kufika zahanati. Tuliandika mume mkali anayemzuia mkewe. Tukafika pale palipokaza, tukasimamisha mchezo na kuwauliza watazamaji: huyu mama afanye nini? Namna hii ya kumpa mtazamaji nafasi ya kubadili mchezo aliieneza Mbrazili Augusto Boal kuanzia miaka ya 1970. Pakawa kimya. Kisha mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama, akaja hadi kwenye uwanja wetu, akamsogeza mwenzetu aliyecheza mume. Akasema, "Huyu hana kosa. Daraja limekatika, na bodaboda hawavuki usiku." Tulikuwa tumekosea igizo zima. Tukalitengeneza upya usiku uleule, na safari hii diwani alikaa mbele akisikiliza habari za daraja.

Kwa hiyo ukiuliza anatoka na nini, mimi nilitoka na uwezo wa kumsikiliza mtu mpaka aseme lile lililo kweli. Nao unaajirika, dada, ingawa kwenye tangazo la kazi hutaukuta umeandikwa hivyo.

MwlKiswahili
Naunga mkono hapo juu, naongeza moja. Mwaka 1996 Profesa Penina Mlama na Profesa Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walitafuta wenyewe matatizo yanayowakwamisha masomoni, wakayatungia igizo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha wakajadiliana nao hatua za kuchukua. Baadaye FAWE, shirika la Afrika linalotetea elimu ya wasichana, likaupeleka mpango huo nchi nyingine za Afrika. Baba mkubwa akiuliza tena, mwambie hayo.

Darasani kwangu pia nimeona. Tamthilia ikisomwa kwa kupokezana aya, wanafunzi wanasinzia. Nikiwasimamisha waigize onyesho moja tu, yule aliyekuwa akikariri majina ya wahusika anaanza kuniuliza kwa nini mhusika kasema uongo.

Nilipitia_Bagamoyo
Mimi nimesoma Bagamoyo, na nisikufiche: baada ya kumaliza nilikaa miaka miwili bila kazi ya kueleweka. Cheti peke yake hakikulishi. Kilichoniokoa ni yale ya nyuma ya jukwaa: taa, maleba (mavazi ya waigizaji), kupanga ratiba ya mazoezi, kuhakikisha watu ishirini wamefika na kila kitu kipo saa ya kufungua pazia. Ile saa haisogezwi, dada. Ukishazoea kufanya kazi namna hiyo, mwenye shughuli yeyote anakutaka.

Kwa hiyo asikimbilie kuigiza tu. Pale wanafundisha ngoma, muziki, uigizaji na sanaa za ufundi, ngazi ya cheti na stashahada. Ajifunze na kuhariri video. Na kama anapenda ualimu, mtaala ulioanza 2024 una mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ujuzi wa kazi, na sanaa imo humo. Watatakiwa walimu wanaoijua kazi yenyewe.

Kaka_wa_Kibaha
Nimesoma yote, hasa la daraja. Narudi nyuma kidogo kwenye nilichosema. Ila msimamo wangu kuhusu mkopo uko palepale, apige hesabu zake kabla ya kuomba.

Mshonaji_Moro
Nawashukuru sana wote, na wewe Kaka nakushukuru, hesabu tutazipiga. Jana nimemsomea mdogo wangu majibu haya. Nilipofika kwenye maleba akaja kukaa kwenye cherehani ya pili, akaomba nimwonyeshe kukata kanzu. Miaka yote namwita pale, anakataa.

Nataka nikaone kwa macho yangu kabla sijatoa ada. Kutoka Moro kwenda Bagamoyo ni lazima nipite Dar?

Nilipitia_Bagamoyo
Hapana dada. Moro, Chalinze, Msata, Bagamoyo, lami tupu. Nenda naye siku ya kazi, uombe ruhusa mtazame mazoezi badala ya kuonyeshwa majengo tu.