Altezza ya gia za mkono, kilomita 268,000, Dodoma: niiuze ilivyo, niitengeneze kwanza au niipeleke yadi?

Mzabibu_Mchanga (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota Altezza RS200, namba C, nyeusi, gia sita za mkono. Dashibodi inasoma kilomita 268,000 na hazijachezewa. Nimekaa nayo miaka saba. Sehemu kubwa ya hizo kilomita ni Dodoma–Dar: Ijumaa jioni naondoka, Jumapili usiku narudi, maana ofisi ilinihamishia huku na familia ikabaki kule. Tangu SGR ifike Dodoma mwaka 2024 nakata tiketi ya daraja la kawaida, 31,000, naegemea dirisha nalala. Gari imebaki ya kunitoa Ilazo kwenda Mtumba na kunirudisha, na kwa kazi hiyo siioni faida. Klachi nzito, gari yenyewe iko chini, na kile kirungu cha gia cha chuma kwa jua la saa nane mchana nakishika kwa leso.

Magonjwa yake nayasema yote. Inakula oili, lita moja kila kilomita 1,500 hivi. Mbele kulia inagonga nikipita tuta. Rangi ya boneti na paa imepauka. Taa ya injini huwaka siku inayojisikia. AC iko vizuri, bima ndogo inaisha mwezi wa pili.

Sasa njia ninazoziona. Dalali mmoja wa hapa mjini kanipa milioni 6 taslimu, niiache ilivyo. Yadi wanasema wataihesabu milioni 5, niongeze 11 nichukue IST. Jamaa yangu anasema niikate niuze spea. Mimi moyoni naiona tisa. Mngefanyaje?

Spana14

Swali la kwanza: ni ya plagi nne kweli? Huku mjini nimefungua boneti za "RS200" nyingi nikakuta injini nyingine, 1G ya plagi sita, nembo imebandikwa tu.

Mzabibu_Mchanga

Plagi nne, mkuu. Kibati kinasoma SXE10, injini 3S-GE.

Dalali_Mstaafu

Hiyo sita uliyopewa ni bei ya mtu mwenye njaa, usiichukue. Nakupa siri ya kazi bure: peleka kwa mpiga rangi, boneti na paa zing'ae, osha injini, weka kava mpya za viti. Hizo kilomita nazo zinatisha watu. Yupo kijana atakurudishia hadi 130,000 kwa nusu saa. Unaweka tangazo la milioni 10, maongezi yapo, unaachia kwa tisa.

FundiVumbi

Mzee wangu Dalali, shikamoo, lakini hilo la kilomita hapana. Mbali na kwamba ni wizi, halimdanganyi mtu anayetafuta Altezza ya mkono. Mnunuzi wa IST anaweza kuangalia dashibodi akaridhika. Huyu wa Altezza anakuja na fundi, na fundi akiwa mimi dashibodi naiangalia mwisho. Naanza na pedali. Mpira wa pedali ya klachi ukiwa umelika upande mmoja umekuwa kama sabuni ya siku ya tatu, halafu kilomita zinasoma 130,000, tunacheka tu. Nafungua boneti, natafuta kikaratasi. Aliyebadilisha mkanda wa taimingi kwa kawaida anaacha stika yenye tarehe na kilomita kwa kalamu ya wino. Mleta mada, yako ipo?

Mzabibu_Mchanga

Ipo. Imeandikwa 204,600.

FundiVumbi

Basi hiyo stika ndiyo itakuuzia gari. Mkanda hubadilishwa kila kilomita 100,000, kwa hiyo mnunuzi anajua ana zaidi ya 36,000 za kutembea kabla ya kuugusa. Huo ni ushahidi, na ukirudisha dashibodi unageuka kuwa shahidi dhidi yako.

Tuje kwenye magonjwa, maana hapa ndipo watu wanapotupa hela. Oili kwanza. Gari ilale usiku kucha, asubuhi mtu asimame nyuma uiwashe. Ikitoa moshi wa bluu mara moja halafu ukakata, ni sili za valvu. Ikiwa safi asubuhi lakini ikatoa bluu ukikanyaga mafuta barabarani, hizo ni ringi, na hapo utashusha injini. Vyovyote iwavyo usiitengeneze. Gharama ya kufungua injini hairudi kwenye bei, na mnunuzi akisikia "injini imefunguliwa" anashusha laki zaidi ya akisikia "inakula lita moja". Nenda kapime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, upate namba za silinda zote nne kwenye karatasi. Zikilingana, karatasi hiyo ina thamani kuliko rangi mpya.

Kinachogonga mbele kulia ni cha kutengeneza, tena kesho. Kwenye Altezza mara nyingi ni boljointi ya chini, kile kiungo kinachoshikilia tairi. Ile ikichomoka tairi linalala kwa nje, na hujui itachomoka ukiwa Ilazo au ukiwa mwendo wa 120 kabla ya Gairo. Badilisha zote mbili, kushoto na kulia. Taa ya injini nayo pima kwa mashine. Mara nyingi ni sensa tu, lakini mnunuzi akiiona inawaka ataipa bei ya injini nzima.

Rangi iache. Boneti iliyopauka kwa jua la Dodoma kila mtu anaielewa. Boneti mpya inayong'aa kwenye gari ya zaidi ya miaka 20 inafanya mtu aulize iligonga wapi.

Nimesahau rejeta. Fungua mfuniko ikiwa imepoa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na mtu akijazia maji hayo miaka miwili mitatu anakuta chai ya rangi humo ndani. Kama ndivyo ilivyo, safisha uweke kulanti kabla hujamwita mtu.

Kijana_wa_Chimwaga

Mimi ndiye ningeikata. Injini hiyo na gia boksi ya mwendo sita vina watu wanavitafuta usiku na mchana, wa kuweka kwenye gari nyingine. Milango, taa za nyuma, viti, rimu. Ukijumlisha unapita tisa.

Spana14

Kwenye karatasi unapita. Nimewahi kukata Mark II. Vya maana vilitoka ndani ya wiki mbili, vilivyobaki vilikaa uani mwaka mzima, kuku wakatagia kwenye kiti cha nyuma, mke akawa haongei na mimi. Usisahau kufuta usajili TRA, maana namba bado inasoma jina lako. Kukata ni kwa gari iliyogonga au iliyokufa injini. Inayotembea uza nzima.

Kigamboni_Boy

Ilete Dar kaka. Wapenzi wa hizi gari wako huku, Dodoma utauza kwa watumishi wanaotaka gari ya kumpeleka mtoto shule. Piga picha, tangaza Dar, usubiri simu.

Mzabibu_Mchanga

Nimeliwaza hilo. Ni kilomita 450 hivi kuja na 450 kurudi asiponunua mtu, tena na hiyo boljointi. Naona bora mwenye nia apande treni aje yeye.

Kigamboni_Boy

Sawa, ila tangazo liandike kwa watu wa Dar. Anza na "manyuo, gia sita", yaani gia za mkono. Hilo neno linafukuza watu tisa na kumleta wa kumi mwenye hela.

Bi_Kisasa

Mwanangu mleta mada, mafundi wamesema ya injini, mimi niseme ya karatasi. Niliuza gari yangu kwa kijana mmoja, tukaandikishana, akalipa yote, nikampa kadi. Akasema umiliki atabadilisha wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi kumi na moja. Faini za tochi zinaingia kwa namba ileile, deni la maegesho linasoma jina langu. Siku moja naulizwa na askari gari yangu iko wapi, sina cha kujibu. Nilimpata yule kijana kwa shida, kumbe alishaiuza kwa mtu wa tatu.

Kwa hiyo kadi usiiachie mkononi mwa mtu. Mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kila mmoja na kitambulisho chake cha NIDA na namba ya TIN, mkimaliza mwende pamoja TRA. Ushuru wa stempu na ada mkubaliane mapema nani analipa, msije kugombania dirishani. Kabla ya yote angalia deni la trafiki na la maegesho TARURA ulifute, mnunuzi mjanja ataangalia kwenye simu mkiwa mmesimama.

Hela iingie benki uione kwenye akaunti, meseji peke yake haitoshi. Na anayetaka kuijaribu, wewe kaa kiti cha pembeni.

Dalali_Mstaafu

Bi mkubwa umesema kweli. Hilo la kilomita nimelifuta, nilikuwa naongea kama zamani. Ila yadi je? Mbona wote mmeipita?

FundiVumbi

Kwa sababu inajieleza. Yadi wataihesabu kwa bei ya gari isiyo na mteja, kwao manyuo ni mzigo. IST yenyewe ulizia mahali pengine kwa taslimu, ulinganishe na hiyo 5 jumlisha 11. Nadhani utaona wanakula pande zote mbili.

Na usiogope kudai. Altezza za mwisho zilitoka kiwandani mwaka 2005. Mtu akitaka kuagiza Japani leo analipa uchakavu wa asilimia 30 kwa kuwa imepita miaka 10, juu ya ushuru mwingine wote. Anayeitaka atatafuta zilizoko humu nchini, na zenye gia za mkono hazizaliwi tena.

Mzabibu_Mchanga

Wakuu, narudisha mrejesho, wiki sita baadaye.

Nilibadilisha boljointi mbili na sensa moja ya hewa, nikasafisha rejeta (ilikuwa chai kweli), nikapima kompresheni. Jumla haikufika laki tano. Rangi sikugusa. Tangazo niliweka 9, nikaandika kilomita kama zilivyo, nikapiga picha ya stika ya mkanda na ya karatasi ya kompresheni, na sentensi moja: "inakula oili, lita moja kila kilomita 1,500". Wiki mbili za kwanza simu zilikuwa za "bei ya mwisho?" tu, hata salamu hakuna. Mmoja alitaka kubadilishana na shamba la alizeti huko Kibaigwa, na kwa dakika tano nilikaribia kukubali.

Aliyenunua ni kijana wa Singida. Alipiga simu jioni akaniomba nisiiwashe mpaka afike. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi yuko getini. Hakunisalimia vizuri, akaenda moja kwa moja akaweka kiganja kwenye boneti kuona kama ni ya baridi. Kisha akachuchumaa nyuma karibu na bomba la moshi akasema "haya, washa". Ikatoa bluu kidogo ikakata. Akanusa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa habari aliyokuwa anaijua. Akasema, "Ulivyoandika ndivyo ilivyo." Tukaanza kwenye nane, tukamalizia milioni 8 na laki 2. Alitoa kishika uchumba cha laki tatu siku hiyohiyo, zilizobaki zikaingia benki Jumatatu. Kwa wakili, kisha TRA, wote wawili. Bi Kisasa, ahsante.

Wakati anaondoka nilisimama getini. Kabla ya tuta la kwanza alichelewa kukanyaga breki, akalipita kwa kasi. Nikatega sikio. Haikugonga.

Dalali_Mstaafu

Milioni nane na laki mbili, na mimi sijapata hata soda.