Naombeni ushauri: vijiko, ufunguo na meno ya mgeni vinapotea kwenye gesti yetu Mikindani, Mtwara

MamaVyumbaSita
Habari zenu wakuu. Mimi na mume wangu tuna gesti ya vyumba sita hapa Mikindani, nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe. Tulifungua 2013, bomba la gesi linajengwa, wageni wanalala mpaka sebuleni. Siku hizi nikipata wawili kwa wiki nashukuru Mungu, na hao wanarudi kwa ajili ya chai ya asubuhi: vitumbua, mihogo ya nazi, supu ya pweza.

Tangu msimu wa korosho uanze, vitu vinapotea usiku. Kwanza vijiko vya chai, kumi na moja. Halafu ufunguo wa chumba namba 4. Halafu zile sabuni ndogo za wageni. Juzi mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya mnada wa korosho kaamka, meno yake ya bandia aliyoyaweka dirishani hayapo. Alikunywa uji, akaondoka kimya. Aibu niliyoipata haijaniisha.

Na pale kitu kilipokuwa, mara nyingi nakuta korosho ghafi moja, na ganda lake. Mama mkwe anasema ni jini, analipa. Mume wangu anasema ni binti wa usafi, nimfukuze kabla ya Ijumaa. Binti huyu nimeishi naye miaka minne, amewahi kunirudishia elfu kumi niliyoisahau kwenye pindo la kanga. Moyo unakataa. Nifanyeje?

KusiniDamu
Pole dada. Nyumba za zamani zina wenyewe. Fukiza ubani, someni dua.

BosiMstaafu
Mumeo yuko sahihi. Nilikuwa na gesti hapohapo Mikindani, nikapotelewa vijiko na funguo hivyohivyo. Mwaka 2014 nikamwondoa mpishi. Ukimwonea mtu huruma, biashara inakufa.

MtuWaShangani
Mwizi gani anaacha hela kwenye droo anabeba kijiko? Kabla hujamfukuza mtoto wa watu, mwaga unga wa muhogo sakafuni usiku, jikoni na koridoni. Asubuhi utaona nyayo.

MtotoWaMasasi
Na uangalie alama ya mkia. Huyo ni panya buku. Anafika kilo moja na zaidi, ana mifuko mashavuni, anasomba vitu na kuvirundika shimoni. Nadhani anakuja amebeba korosho, akikuta kijiko anaitema. Ndio haohao wanaofundishwa pale chuo kikuu cha kilimo, SUA Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini, wamefanya kazi hapo jirani Msumbiji. Kwetu ni kitoweo, ila wa kwako msimguse mpaka awaonyeshe shimo.

MamaVyumbaSita
MREJESHO wakuu! Nyayo za vidole vidogo, na katikati mstari wa mkia, kutoka jikoni kupitia tundu la bomba hadi nyumba ya jirani iliyofungwa siku nyingi. Binti mwenyewe ndiye aliyetangulia na tochi. Chini ya ngazi tumechimbua vijiko vyote kumi na moja, ufunguo namba 4, sabuni zilizotafunwa, sarafu, na meno! Nimeyaosha, nikampigia mzee. Kacheka mpaka simu ikakatika. Mnada ujao anarudi, anataka chumba kilekile. Mume wangu kamwomba binti radhi mbele ya mama mkwe.

Ila kuna ufunguo mwingine, una kibati cha shaba chenye namba 9. Sisi vyumba ni sita tu. Nani anaufahamu?

BosiMstaafu
Hicho kibati kimekatika pembeni?

MamaVyumbaSita
Ndio, kaka. Kimekatika.

BosiMstaafu
Ni wangu. Hiyo nyumba iliyofungwa ndiyo ilikuwa gesti yangu.

Wakuu, na mimi naombeni ushauri. Yule mpishi nampataje? Alikuwa mama wa Ndanda, mrefu, anapika maandazi ya iliki. Mara ya mwisho nilisikia anauza pale njia panda ya Mnazi Mmoja.

MtuWaShangani
Maandazi ya iliki Mnazi Mmoja? Huyo mama bado yupo, mimi kila nikienda Lindi nanunua kwake. Jumamosi napita. Nimwambieje?