Kocha, mwanangu hana mkono mbovu. Miguu ndiyo umemharibia!

Wakuu, salaam. Nipo Mwanza na ninaandika nikiwa na hasira, kwa hiyo lugha ikiteleza mtanisamehe.

Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha nne, anacheza softiboli. Najua kuna watakaouliza ndiyo mdudu gani. Ni ndugu yake besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi na mrushaji anautupa mkono ukipita chini, siyo juu ya bega. Binti yetu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji amevaa helmeti yenye wavu usoni. Kazi hiyo nimeifanya mwenyewe miaka ya nyuma kabla magoti hayajagoma, ndiyo maana ya Jumamosi yamenikaa kooni.

Ilikuwa mechi ya kirafiki tu. Besi ya pili (besi ni vile vituo vya kukimbilia) imeibiwa mara sita, yaani aliyeko besi ya kwanza anaikimbilia bila kungoja mpira upigwe, na mdakaji ndiye anayetakiwa kuuwahisha mpira kule kabla hajafika. Sita! Kila aliyefika besi ya kwanza alikuwa anaondoka kama anakwenda gengeni kununua nyanya. Na kila mara kocha anapiga kelele zile zile mbele ya watu wote: "Huna mkono wewe! Simama vizuri kwanza, ndipo utupe!"

Huyu mtoto kakulia kwa bibi yake Magu. Ameamia ndege kwenye mpunga tangu darasa la pili, jiwe lake likitoka linafika linapokwenda. Kwenye rede huko mtaani wenzake walikuwa wanagombania kuwa upande wake. Leo ndiye hana mkono?

Tupige hesabu. Kutoka besi ya kwanza hadi ya pili ni mita 18.29. Kwenye softiboli mkimbiaji haruhusiwi kuachia besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji, kwa hiyo yeye na mpira wanaondoka pamoja. Mrushaji yupo mita 13.11 kutoka besi ya nyumbani, pale alipo mpigaji na mdakaji nyuma yake. Ukishatua kwenye glavu ya mdakaji, mpira una karibu mita 26 za kwenda besi ya pili, maana unakata uwanja kona kwa kona. Binti mwenye mbio anazimaliza zile 18 kwa sekunde tatu na kitu. Sasa wewe unamwambia mdakaji anyanyuke, anyooke wima, apige hatua mbili tatu, ndipo arushe. Nusu sekunde umeshaila. Katika nusu sekunde mkimbiaji anakwenda mita mbili na nusu, na hiyo ndiyo tofauti ya kuguswa na glavu yenye mpira ukatolewa nje, na kusimama juu ya besi unajipangusa vumbi.

Wadakaji wakubwa wa dunia, tangu mpira ugonge glavu yao hadi udakwe besi ya pili, ni chini ya sekunde 2. Siyo kwamba wana mikono ya chuma. Hawasimami! Mchezo unarudi kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, sisi huku bado tunafundishana kusimama.

Tena kosa linaanza kabla mpira haujarushwa. Kocha huyu ana mkao mmoja tu, awepo mkimbiaji asiwepo: makalio karibu yaguse visigino, nyayo zote zimebandikwa chini, kama mtu anayeanika dagaa juani. Jaribu hapo ulipo. Chuchumaa hivyo, halafu ruka ugeuke ubavu. Umeanguka au hujaanguka?

Besi zikiwa tupu, kaa chini utakavyo, hakuna wa kukukimbilia. Akishakuwepo mtu kwenye besi, unanyanyua makalio hadi mapaja yakaribie kulala sawa na ardhi, miguu upana kuzidi mabega, mguu wa kulia nyuma kidogo ya wa kushoto, uzito mbele ya nyayo. Unachoka, ndiyo, mapaja yanawaka moto, lakini upo tayari. Mpira ukiingia kwenye glavu, mguu wa kulia unaruka kidogo tu kuja chini ya kifua huku ukigeuka ubavu, bega la kushoto linatazama besi ya pili. Wakati huo huo glavu inauleta mpira sikioni, vidole vinaukamata kwa kukatiza juu ya mshono wake ili usipinde njiani, kiwiko kinakaa usawa wa bega. Mguu wa kushoto unakanyaga kuelekea besi, mpira unatoka. Unalenga usawa wa goti la anayeipokea, pale pale mkimbiaji anapoingia, siyo kifuani. Hayo yote kichwa kikiwa bado chini. Nguvu inatoka kiunoni na miguuni, mkono unaisindikiza tu. Kocha ameona sijui kwenye simu mtu anarusha akiwa amepiga magoti, naye akataka mtoto afanye vile. Yule ana mkono wa miaka kumi ya mazoezi, baba!

Kilichonitoa machozi kabisa ni kidole gumba. Kocha kamfundisha kuuweka mkono mtupu wazi kando ya glavu, "ili uudake haraka". Mpira ukakwaruza gongo la mpigaji (siyo lile la kunywa), ukageuka njia na kumpiga kwenye gumba la kulia. Limevimba likawa kama kiazi. Mkono huo besi zikiwa tupu hufichwa nyuma ya mguu, na akiwepo mkimbiaji unakaa nyuma ya glavu, ngumi imefumbwa na gumba limeingia ndani. Hiyo ni siku ya kwanza ya somo, wala siyo utaalamu.

Nikamfuata mapumzikoni, kwa heshima zote: "Shikamoo kocha, naomba niseme kidogo kuhusu miguu ya mdakaji." Hakuitikia hata marahaba. Akaniambia, "Dada, wewe kakae na kina mama kule kivulini." Akageuka akanywa maji.

Jana jioni tumetoka nyuma ya nyumba, hapa Igoma. Kurusha hawezi, gumba limefungwa, kwa hiyo tumecheza miguu tu bila mpira. Mimi nasema "pa!", yeye anaruka anageuka. Watoto wa jirani wakaja kuuliza hiyo ni ngoma gani. Mara ya ishirini na ngapi sijui akasimama, anahema, akaniambia, "Mama mdogo, kumbe mwili unageuka wenyewe." Nilishindwa kumjibu.

Kocha, kama unapita humu, jina lako sijalitaja wala la timu, lakini umejijua. Jumamosi nakuja, na safari hii kivulini sikai.

Halafu wakuu, jambo la pembeni. Kinga za ugoko za timu yao mikanda imekatika yote, wanazifunga kwa uzi wa nyavu, ukikimbia zinazunguka zinakuja nyuma ya mguu. Mwenye kumjua fundi viatu mzuri pale mjini anayeweza kushona mikanda ile aniambie bei. Nalipa mwenyewe.