Filamu ya Following (1998): DVD ya Uingereza au Blu-ray ya Criterion?

Msomaji wa Picha: Ndugu wanajukwaa, nataka nakala yangu mwenyewe ya Following, filamu ndefu ya kwanza ya Christopher Nolan, ile ya kijana wa London anayefuatafuata watu mitaani hadi anaponaswa na mwizi mjanja kuliko yeye. Ilirekodiwa kwa mkanda wa milimita 16, mweusi na mweupe, kwa takribani dola 6,000 tu. Je, kwa kazi ya gharama ndogo namna hiyo, Blu-ray ya mwaka 2012 ya Criterion, kampuni ya Marekani inayotoa filamu kwa diski, itaonyesha chochote ambacho DVD haionyeshi?

Mzee wa Deki: Itaonyesha, tena sana. Ninazo zote mbili. Nolan alishika kamera mwenyewe na kutegemea zaidi mwanga wa asili, hivyo vyumba vingi vina giza upande mmoja na dirisha jeupe upande wa pili. Katika DVD, koti la Cobb, yule mwizi, na kivuli kilicho nyuma yake huungana vikawa doa moja. Katika Blu-ray naona mkunjo wa kola yake.

Shamsa: Kaka, mimi ile Blu-ray ilinichosha macho kwa chengachenga zake. DVD ni laini zaidi.

Mzee wa Deki: Dada Shamsa, ulaini huo ni picha iliyopotea. Fremu ya milimita 16 ina eneo kama robo ya ile ya milimita 35, kwa hiyo ikikuzwa ni lazima chembe za mkanda zionekane, na chembe hizo ndizo zinazobeba nywele, ngozi na matofali ya ukutani. DVD, yenye mistari 576, haina nafasi ya kuzihifadhi, basi huzipaka zikawa ukungu.

Fundi Runinga: Naunga mkono, ila tazama deki yako kwanza. Diski hiyo ya Criterion ni ya kanda A, yaani imefungwa isomwe na deki za sehemu fulani tu ya dunia, Marekani ikiwemo, ilhali deki za Blu-ray zinazotengenezwa kwa soko la Afrika ni za kanda B. Niliwahi kuagiza diski ya Marekani, nikaishia kutazama kasha lake kwa miezi miwili. DVD ya Uingereza nayo ni ya kanda 2, lakini deki za DVD zinazosoma kanda zote hazina shida kupatikana.

Msomaji wa Picha: Nimeangalia: deki yangu ni ya kanda B. Nitatafuta kwanza inayosoma kanda zote, kisha niagize Blu-ray.

Mzee wa Deki: Vyema. Humo utakuta pia toleo lililopangwa upya kwa mfuatano wa matukio, maana filamu yenyewe huyaruka mbele na nyuma. Litazame baada ya lile la asili.