Mtandao wa kijiji: mikutano ya video inakatakata jioni

Swali: Wadau, intaneti tunaivuta kutoka mjini, kilomita 8, kwa redio za GHz 5. Asubuhi safi, jioni wanaofanya kazi mtandaoni wanalia. Tuongeze kifurushi?

Jibu: Msinunue kwanza. Jioni watu wanapakua filamu, foleni ya data inajaa kwenye ruta. Kama ruta inatumia OpenWrt (mfumo huria wa ruta), washeni CAKE, kipengele chake cha kupanga foleni ya data, kasi iwekeni asilimia 90 ya mnayopata kweli. Mkiiacha juu, foleni inahamia kwa mtoa huduma, na huko hamna mamlaka.

Jibu: Mikaratusi iliyo njiani pia mwiangalie, inaweza kuziba mawimbi ya redio! Kwa umbali huo, katikati ya njia mnahitaji kama mita 6 tupu chini ya mstari wa antena; kuonana kwa macho hakutoshi.

Jibu: Na betri ya kuendesha vifaa hivyo je? Vikila wati 20 mfululizo, ni saa-wati (Wh) 480 kwa siku. Betri ya asidi ya 12V 100Ah, msiposhusha chini ya nusu, inawapa Wh 600 tu.